Raia wa Dunia na Mgeni wa Siku Mbili

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha nchi hii, na kwa miaka kadhaa sasa, juu ya kazi yangu ya kusomesha lugha, nimekabidhiwa uongozi wa programu iitwayo Uraia wa Dunia. Nusu ya wanafunzi wake ni watoto wa nchi hii na nusu hutoka ng'ambo. Kila mwaka huwachukua kwa basi hadi Songea, kutoka Songea hadi Mbinga katika milima ya Umatengo, na mwishoni twateremka mpaka Mbamba Bay na Liuli, ufuoni mwa Ziwa Nyasa. Kwa desturi hukaa huko majuma manane, katika nyumba za wenyeji. Sasa limewekwa mezani pangu azimio litakalo majuma manane yawe siku kumi, mafundisho yote yawe ya Kiingereza, wanafunzi walale hotelini, na kila arudiye apewe cheti cha kumshuhudia kuwa ni raia wa dunia. Sahihi yangu yatakiwa chini ya karatasi hiyo. Nimekataa kuitia. Kwa kuwa wako walioita kukataa kwangu ukaidi, na wako waliokuita wivu wa mtu wa lugha ndogo, naomba ruhusa ya wasomaji wa jarida hili niseme hadharani niliyoyasema kikaoni, na mengine ambayo kikaoni sikupata nafasi ya kuyasema.

Nianze na jina, maana majina ndiyo kazi yangu. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulipoanzisha mpango wake wa kuitanguliza elimu, uraia wa dunia ulikuwa mmoja wa misingi mitatu iliyotajwa. Na mwaka 2015 mataifa yalipoyakubali malengo ya maendeleo ya mpaka 2030, jambo hilo liliandikwa katika shabaha ya 4.7. Tangu hapo chuo kikuu kisicho na programu ya namna hiyo hujiona kama mtu aliyekwenda arusini bila kanzu. Tukatafsiri, tukasema raia wa dunia, wala hatukuuliza neno raia limetoka wapi. Limetoka Kiarabuni, na huko asili yake ni kundi lichungwalo, kisha watu walio chini ya mtawala. Neno la Kiingereza, kwa upande wake, limetokana na mji. Kama tungetaka neno la kwetu lililo ndugu wa hilo, tungelikuta karibu sana: ni mwenyeji, yaani mwenye mji. Basi naulize: huyu tumfundishaye atakuwa mchungwa wa dunia ama mwenyeji wa dunia? Akiwa mchungwa, nani mchungaji? Akiwa mwenyeji, mji wake u wapi, na nani amempokea humo? Kiswahili chawajua pia walimwengu, na hao hakikuwasifu kamwe; ni wale watazamao, wasemao, wachekao, kisha waendao zao. Mara nyingi nimeogopa kwamba hao ndio tunaowatolea vyeti.

Nasema hivi si kwa kubahatisha, kwani kosa hili nimelitenda mwenyewe. Mwaka wetu wa kwanza tulikaa Mbinga siku tisa tu. Mmoja wa wanafunzi, wala hakuwa mgeni wa ng'ambo, alikuwa kijana wa kwetu aliyelelewa Dar es Salaam, aliandika katika taarifa yake kwamba wakulima wa milima ile hawana elimu ya kuhifadhi udongo na wahitaji kuelimishwa. Msomaji asiyeifahamu Umatengo hataona uzito wa maneno hayo, kwa hiyo yafaa nimwonyeshe mahali alipoketi kijana huyo alipokuwa akiandika.

Miteremko ya Umatengo ni mikali kiasi kwamba mvua ya siku moja ingetosha kuuporomosha udongo wote bondeni. Lakini ukiitazama kutoka mbali utaona mlima mzima umetobolewa mashimo, safu kwa safu, mfano wa sega la nyuki. Hayo ndiyo ngoro. Kwanza nyasi hufyekwa, zikaachwa zikauka. Kisha hulazwa chini kwa mistari ikatanayo, mpaka shamba likawa kama wavu mkubwa wenye macho ya kiasi cha mita moja na nusu kila upande. Kazi hiyo kwa desturi ni ya wanaume. Halafu wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila jicho na kuzifunika zile nyasi, ikawa katikati shimo na pembeni tuta. Juu ya tuta hupandwa maharage mwezi wa Machi, na msimu ufuatao mahindi. Mvua ikinyesha maji hutulia shimoni badala ya kukimbia. Udongo hunaswa humo humo. Na nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Mwaka 1938 Mwingereza A. H. Pike aliandika habari za hifadhi hiyo ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wenye vyuo hawakupata kuarifiwa. Serikali ile ile ya Kiingereza, katika miaka ya 1950, ililazimisha matuta ya ngazi katika milima ya Uluguru mpaka watu wakaghadhibika, ikatokea ghasia na mauti mwaka 1955. Umatengo palikuwa na milima iliyokwisha kutunzwa na wenyewe, bila ya amri ya bwana shamba yeyote.

Basi kijana wetu aliketi ukingoni mwa ngoro, miguu yake ikining'inia shimoni, akaandika kwamba watu wale hawajui udongo. Nami nilimpa alama nzuri, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa safi na taarifa yake ilikuwa na majedwali.

Mwaka wa pili niliporudi, bibi mmoja aliyetupokea aliniuliza, "Mwalimu, yule mjukuu wangu wa mwaka jana, aliandika nini juu yetu?" Nilimjibu kwamba aliandika vizuri. Akashukuru. Uongo ule umenikaa kooni mpaka leo, na katika uongo ule ndimo yalimozaliwa majuma manane ambayo baraza sasa lataka kuyafuta.

Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili, na ya tatu wakampa jembe. Wengi husoma msemo huo kama ukali wa mwenyeji kwa mgeni mvivu. Mimi nausoma kama ukarimu. Jembe ndilo cheti cha kwanza. Mwenye kupewa jembe amekoma kuwa mtazamaji, sasa aweza kukosolewa, kuchekwa, na kuulizwa. Tokea mwaka ule nikaweka sharti kwamba siku ya tatu kila mwanafunzi, awe wa Marekani au wa Mwanza, ashike jembe. Ngoro lake la kwanza huwa kichekesho, hujaa maji upande mmoja na kubomoka upande wa pili, na watoto wa shule husimama njiani wakamtazama. Kufikia juma la tano au la sita huanza kuuliza maswali ambayo hayamo katika hojaji aliyopewa chuoni. Mwaka mmoja binti wa ng'ambo, kwa Kiswahili chenye kuchechemea, alimwuliza mama mwenyeji wake: ikiwa tuta la maharage hufunikwa na mikono ya wanawake, mbona fedha ya kahawa hushikwa na mikono ya wanaume? Mama akacheka sana. Kisha akajibu, na jibu lake lilidumu mpaka taa ikaisha mafuta, na majirani wawili wakaitwa kuja kuongeza.

Jibu la namna hiyo halipatikani kwa siku kumi, wala halipatikani kwa Kiingereza. Nitawaeleza wenzangu kwa nini, maana wao hudhani kwamba naitetea lugha kama mtu ateteaye shamba la babu yake. Mazungumzo yakiwa ya Kiingereza lazima awepo mkalimani, na kijijini mkalimani huwa mwenye cheo fulani, naye mara nyingi ni mwanamume. Mbele yake wanawake hupunguza maneno, na hata wasipoyapunguza wao, huyapunguza yeye. Nimesikia kwa masikio yangu mama akisema muda wa dakika tano, mkono ukionyesha mlimani, kisha ghalani, kisha kwa mwanawe, na mkalimani akafasiri: "Anashukuru kwa mradi." Wanafunzi waliinamisha vichwa wakaandika kwamba anashukuru. Twaambiwa kwamba Kiingereza ndicho lugha ya dunia. UNESCO, ambao ndio mabingwa wa huo uraia, mwaka 2021 waliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Inashangaza kwamba Paris wamekiona Kiswahili kuwa cha dunia, na sisi tulio kando ya watu wakisemao tumekiona kuwa kizuizi.

Hoja ya pili ya azimio ni kwamba kijiji kimetengwa na dunia, na kwamba mwanafunzi aenda huko kuipeleka. Hapo ndipo nilipokosa subira kikaoni. Dunia ilifika Mbinga zamani, wala haikubisha hodi. Wanafunzi wangu huwauliza wenyeji kila mwaka wakumbuka nini juu ya mwaka 1989. Wao wenyewe, kwa kuwa wamesoma, hukumbuka ukuta wa Berlin. Wazee wa Umatengo hukumbuka kahawa. Mwezi wa Julai mwaka ule mapatano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na katika muda mfupi bei duniani ikaanguka karibu nusu, ikalala hivyo mpaka miaka ya mwanzo ya 1990. Baadaye kidogo biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na chama kikuu cha ushirika cha wilaya kikadhoofu hata kikafa. Nimeonyeshwa nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokomea kwenye linta, na mwenyewe akanieleza bila ya uchungu kwamba ukuta ule ulisimama pale kahawa ilipolala. Mtu huyo aufahamu uchumi wa dunia kwa urefu wa ukuta wake.

Wala mambo hayo hayakuisha. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria itakayo kahawa iingiayo kwao ijulikane imetoka katika shamba lipi, kwa vipimo vya ramani, na ithibitike kwamba shamba hilo halikufyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mkulima mwenye miche mia chache juu ya mlima yampasa kujiandaa kujieleza kwa watu asiopata kuwaona. Sisemi kwamba sheria ni mbaya. Misitu yahitaji mlinzi. Nasema tu kwamba nusu ya wanafunzi wangu hunywa kahawa hiyo, wala hapana sheria iwatakayo wao wajieleze kwa mkulima. Tena vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022 na nishati ikawa ghali, makaa ya mawe ya Ruvuma yalipakiwa katika malori mpaka bandari ya Mtwara yavushwe bahari. Vumbi la malori hayo liliangukia nguo zilizoanikwa. Nani basi kati yetu ampelekee nani habari za dunia?

Tukishuka ziwani, somo huwa zito zaidi. Barabara ya Mbamba Bay siku hizi ni ya lami, na katika mwendo wa kilomita zipatazo 66 mtu hutoka kwenye baridi ya kahawa akaingia katika joto la mihogo na samaki. Huwaketisha wanafunzi mchangani, mahali wanapoanika usipa, nikawaeleza mpaka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani uliotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890 uliuchora mpaka ukifuata ufuo wa ziwa. Malawi hushika maandishi hayo. Tanzania husema mpaka wapita katikati ya maji. Ubishi ulitoka hadharani mwaka 1967, ukafufuka miaka ya 2011 na 2012 habari za kutafuta mafuta zilipozuka, ukapelekwa mbele ya marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano, na mpaka leo haujakatwa. Kwa maandishi ya 1890, mama wa Liuli akiosha sufuria, nyayo zake zi Tanzania na viganja vyake vi ugenini. Mumewe avuaye mbasa usiku huvuka mpaka wa kimataifa kabla ya kulowa magoti. Watu hao wana jamaa ng'ambo ya maji, huoana, huzikana, na wengi hufahamu Kinyanja. Hakuna aliyepata kuwapa cheti cha uraia wa dunia.

Katika ghuba hiyo hiyo ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake, palitokea kisa kimoja ambacho hupenda kukisimulia kwa sababu chahusu urafiki wa wasafiri. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Guendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades. Walikuwa wakinywa pamoja kila walipokutana ziwani. Habari za vita hazijamfikia. Akaja kwa mtumbwi amejaa hasira, akitaka kujua kama rafiki yake amelewa, akashikwa mateka. Mabwana wale wawili walikuwa raia wa dunia kwa kila kipimo cha azimio letu: walisafiri, walijua lugha, walipendana kuvuka mipaka. Ilitosha amri moja ya simu. Na wale ambao mzinga ulivuma juu ya nyumba zao hawakuwa na rafiki katika meli yoyote.

Wenzangu husema kwamba natia siasa katika jambo la elimu. Naam, kuna siasa, ila sikuitia mimi. Programu yetu huitwa ya kubadilishana wanafunzi. Wa ng'ambo huja, na mlango wetu huwafungukia kwa wepesi. Mwaka juzi kijana wa Mbinga, mwana wa mkulima wa kahawa, alipata nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya. Ada ya ombi la viza huko tangu Juni 2024 ni yuro 90, wala hairudishwi mtu akikataliwa. Alikataliwa. Sababu aliyoandikiwa ni kwamba haikuthibitika kuwa atarejea kwao. Mtu ambaye baba yake amezika nyasi katika mlima ule ule tangu utoto wake! Nilikwenda naye kumweleza mzee. Mzee aliuliza swali moja tu: "Na wale waliolala kwangu mwaka jana, wao walithibitisha kwa nani kwamba watarudi kwao?" Nililipeleka swali hilo barazani. Likaandikwa katika kumbukumbu chini ya mengineyo.

Si kwamba vyuo havikupata kuja katika nchi hii wakakaa. Livingstone alihutubia Cambridge tarehe 4 Desemba 1857, na katika mwito ule ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu vya Kiingereza, UMCA, ambayo baadaye ilijenga kanisa kuu katika kisiwa cha Likoma na vituo ufuoni mwetu. Waliletwa na imani ya kwamba wao wanacho na wenyeji hawana, na kwa hilo siwatetei. Lakini W. P. Johnson, msomi wa Oxford, alifanya kazi ziwani zaidi ya miaka 40, macho yakampofuka karibu kabisa, akajifunza kusema na kutafsiri kwa lugha za watu, akafa mwaka 1928, akazikwa Liuli. Siku kumi hazina kaburi. Karibu zaidi na zama zetu, tangu mwaka 1994 wataalamu wa Kyoto, Japani, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuichunguza Umatengo, na mwaka 1999 kikaanzishwa huko Sokoine kituo cha maendeleo endelevu vijijini kilichoendeleza kazi hiyo. Walikuja kuuliza ngoro linafanyaje kazi. Waliuliza kwa miaka, wakarudi tena na tena, na Kindimba wanakijiji wakashiriki kujenga mashine ya kusaga iendeshwayo kwa maji. Hawakuuita uraia wa dunia. Wajapani wale walisema Kiswahili.

Yabaki fedha. Naambiwa kwamba majuma manane ni ghali, na kwamba hotelini kuna usalama na mtandao. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400, wengi wao wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, walirudishwa makwao baada ya kuandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Adhabu ile ilikuwa kali, nami sipendi adhabu. Lakini swali lililokuwa chini yake lilikuwa la haki: msomi anadaiwa nini na mkulima aliyemlipia? Leo twalipanua swali hilo mpaka mwisho wa dunia, kisha twalipunguzia muda mpaka siku kumi. Kuhusu gharama, naomba baraza lihesabu na upande wa pili: kuni, unga, maji yaliyotekwa, na siku za kazi zilizopotea kwa kumfundisha mgeni kushika jembe. Hesabu hiyo haijawahi kuandikwa katika bajeti yetu. Ikiandikwa, itaonekana kwamba programu hii imekuwa ikifadhiliwa na Mbinga.

Masharti yangu ya kutia sahihi niliyaweka wazi. Majuma manane yabaki. Kiswahili kifundishwe kabla ya safari, na asiyeweza kumsalimu mwenyeji na kusikiliza jibu asipande basi. Taarifa za wanafunzi zisomwe kijijini, kwa Kiswahili, mbele ya wale walioandikwa, kabla ya kutolewa alama. Na wenyeji wawe na kura katika alama hizo. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoleta kelele. Mwenzangu mmoja aliuliza kama nakusudia mtu asiyemaliza darasa la saba amsahihishe mwanafunzi wa shahada. Nilimjibu kwamba ndivyo nikusudiavyo, na kwamba laiti ingekuwa hivyo mwaka wetu wa kwanza, taarifa moja ingerudishwa kwa mwenyewe, nami nisingalimdanganya mtu mzima.

Kikao kingine kimeitishwa mwezi ujao. Wiki iliyopita yule bibi alinipigia kwa simu ya mjukuu wake. Nilimpa shikamoo, akaitika, akasema mvua ni nzuri na nyasi zimekwisha kufyekwa, akauliza mwaka huu watakuja wangapi, apate kuazima majembe mapema. Nilimwambia kuwa bado sijui. Akasema ataazima kumi.